Uzi Uliochuja

Uzi mwekundu ulichuja. Tuliutumbukiza mkanda uliofumwa kwenye beseni la maji baridi, hata sabuni hatukutia, na mara maji yakawa rangi ya juisi ya rozela. Tulipoutoa, ile njano iliyokuwa iking'aa pembezoni imeingiwa na wekundu, imekuwa kama ukuta uliorushiwa matope. Kazi ya mama mmoja ya wiki tatu. Na uzi nimeununua mimi.

Nilikuwa mhasibu wa mradi wa kufufua ufumaji wa Wamaranao, watu wa kusini mwa Ufilipino, na mhasibu akiona dukani uzi wa nusu bei hujiona kafanya la maana. Niliubeba mwenyewe, maboksi mawili, risiti nimeibana vizuri kwenye faili.

Babo, mfumi aliyekuwa akifundisha darasa letu, hakunigombeza. Aliukamua mkanda, akautundika dirishani, akasema neno kwa Kimaranao. Msichana aliyekuwa akinitafsiria alicheka, akakataa kutafsiri. Nilimbana siku mbili ndipo akaniambia: "Kasema njano hii sasa haimvishi sultani wala haifutii sufuria."

Babo kwao ni shangazi. Jina lake silitaji, na kwa kweli hata mimi sikuwahi kumwita kwa jina.

Mimi ni mtu wa Pemba. Mwanzoni mwa 2019 nilipata kazi kusini mwa Ufilipino, katika kisiwa cha Mindanao, kushika hesabu za shirika moja la misaada. Tulikuwa tukihudumia familia zilizotoka Marawi, mji wa Wamaranao ulio kando ya ziwa Lanao. Vita vilizuka humo tarehe 23 Mei 2017, jeshi la serikali upande mmoja, na upande wa pili wapiganaji waliojinasibisha na kundi linalojiita Dola la Kiislamu, vikaenda miezi mitano. Watu zaidi ya 350,000 walikimbia. Katikati ya mji, pamoja na soko la Padian lililokuwa likisifika kwa vitambaa na vyombo vya shaba, palibaki vifusi na kuta zilizotobolewa. Nilipofika, risasi zimenyamaza zaidi ya mwaka, eneo hilo lilikuwa bado limezuiwa na wenye nyumba zao hawajaruhusiwa kurudi kukaa.

Ofisi yetu ilikuwa Iligan, mji wa pwani, joto lake la kawaida tu kwa mtu wa kwetu. Marawi uko juu, kama kilomita 38 kwa barabara ya kupanda. Ziwa lenyewe liko mita mia saba hivi kutoka usawa wa bahari. Kule nilikuwa navaa soksi.

Nilitarajia ugeni mkubwa kuliko nilioukuta. Salamu ile ile. Nazi kwenye kila chungu: kuku wao wa piaparan, anayepikwa kwa nazi ya kukuna na manjano, ukimpakulia mtu wa Wete bila kumwambia ametoka wapi atauliza tu mbona tui halikuchujwa. Na malong, ile nguo yao pana iliyoungwa duara haina mwanzo wala mwisho, mtu akajitumbukiza ndani na kujifunga atakavyo. Malong ni kanga yetu na zaidi. Hubembelezea mtoto, hujifunikia, hubebea mzigo, huvaliwa kwenye sala na kwenye harusi. Hata lile neno lao kubwa, maratabat, heshima ya mtu na ya ukoo wake, ni martaba hii hii tuliyoipokea sisi kwa Mwarabu. Ila kwetu martaba imebaki kwenye hotuba na mashairi. Kwao ikiguswa, koo mbili zinaweza kuwindana miaka. Ndilo neno lililonishinda kuliingiza kwenye hesabu.

Malong ya fahari huitwa landap. Ni vipande vya kitambaa, zamani hariri, vilivyoungwa kwa mikanda iliyofumwa kwa mkono, na mikanda hiyo ndiyo langkit. Ule mwembamba, tobiran, hulala ukaizunguka nguo; ule mpana, lakban, husimama wima. Mwenye haraka atadhani ni udarizi. Siyo. Kila rangi ina uzi wake wa mshindio, ule unaopita kimlalo, unakwenda hadi pale tu umbo lake linapoishia, unageuka kurudi, na rangi jirani inapokea hapo. Kwa hiyo katika mstari mmoja wenye upana wa kiganja mfumi anahangaika na vipande vingi vya uzi, kimoja kimoja, kwa ncha za vidole, akavipenyeza kwenye mtande, zile nyuzi za urefu, na kuvigonga vikae. Mchoro mbele yake hakuna. Kuna pako rabong, mmea ambao majani yake machanga huchipua yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Kuna tumba la ua. Kuna joka waliloligeuza likawa majani na mikunjo, ulitafute kichwa usikione. Yote yamo kichwani mwa mfumi, na mengine yamo kwenye langkit za mama yake na bibi yake, ambazo huzitoa sandukuni akitaka kukumbuka mkunjo unageukia wapi.

Na masanduku ndiyo yaliyobaki Marawi. Babo aliniambia siku ile ya Mei waliondoka wakidhani watarudi baada ya siku tatu. Nani anabeba nguo za harusi kwa safari ya siku tatu? Jirani yake mmoja tu ndiye aliyevaa landap tatu moja juu ya nyingine, na njiani watu walimcheka, mama mnene ghafla. Nyumba yake iliungua. Zile tatu alizotoka nazo mwilini ndizo zilizokuwa kitabu cha darasa letu, na kila alipozileta alikaa nazo mapajani hadi tumalize, harudi nyumbani bila kuzihesabu.

Mimi nimekulia kwenye ukili. Bibi yangu alikuwa akichana miyaa barazani tangu alasiri, anasuka huku anazungumza, macho yako kwa mgeni na vidole viko kazini, ukili ukirefuka anauzungusha na kuuweka pembeni, hadi siku ya kushona mkeka. Nilimchorea Babo kwenye daftari: mkanda, mkanda, mkanda, kisha mkeka. Alielewa papo hapo, akanishika mkono wa kulia akaugeuza, akawa anatafuta sugu. Hakuiona. "Basi hukusuka," akasema. Nikakiri. Niliangalia tu.

Sasa niseme tulivyoharibu, maana uzi uliochuja lilikuwa kosa dogo kuliko yote.

Kosa la kwanza lilikuwa posho. Mradi ulisema wanafunzi kumi na wawili, kila anayehudhuria alipwe siku yake. Wakaja kumi na wawili, na siku ya malipo wakawa kumi na tano. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye semina za kwetu hahitaji maelezo. Walikuwa na haki. Watu wamepoteza nyumba, mtu akikuambia kaa hapa ulipwe, unakaa. Lakini Babo alikuwa anafundisha migongo. Tukabadili, tukalipa kwa urefu wa mkanda uliofumwa. Wiki hiyo hiyo mikanda ikaanza kulegea, nafasi kati ya rangi na rangi unapitisha ukucha, kwa sababu anayegonga mshindio vizuri anapata mkanda mfupi, na mkanda mfupi ni hela fupi. Sikuwahi kuona malipo yakibadilisha kitu haraka namna ile.

Kisha nikapiga hesabu. Nilikaa na saa nikapima, nikaandika, nikagawanya. Lakban moja, kwa bei iliyokuwa ikitajwa sokoni, ilimpa mfumi kwa saa pungufu ya anachopata mfagiaji wa soko. Nikatengeneza jedwali zuri. Nikapeleka kwenye kikao nikasema, sanaa hii haiwezi kuishi hivi ilivyo. Lazima tupunguze saa, na tutafute mnunuzi wa nje mwenye uwezo. Wenzangu walitikisa vichwa kukubali. Jedwali likiwa na rangi hutikisiwa kichwa.

Ndivyo tulivyoingia kwenye kamba za vitambulisho. Zile za kuvaa shingoni kwenye mikutano. Tobiran ni nyembamba tayari, tukaikonda zaidi, tukachagua umbo moja jepesi la kupinda kushoto na kulia, na mkutano mmoja wa Manila ukaagiza mia nne. Tulisherehekea kwa wali na palapa, kachumbari yao ya vitunguu vya majani, tangawizi na pilipili, kali hata kwangu. Wasichana walijifunza lile umbo wiki mbili. Baada ya miezi sita walikuwa wanaweza kulifuma wamefumba macho, na hawawezi jingine lolote. Mimi kwenye ripoti nikaandika kwamba ufufuaji wa ufumaji wa asili unaendelea vizuri, idadi ya walionufaika imepanda. Namba zilikuwa za kweli kabisa.

Babo alikuja siku moja akaokota kamba moja mezani, akaivuta kwa mikono miwili kuona uimara wake. "Nzuri," akasema. "Mbuzi hawezi kuikata."

Kulikuwa na jambo jingine, nalitaja upesi kwa sababu bado linanikera. Tulipiga picha zile landap tatu, picha safi, mchana kweupe, tukazirusha mtandaoni ili dunia ione. Haukupita muda, duka moja likatoa malong zenye lakban ile ile, imedariziwa kwa mashine. Mkunjo kwa mkunjo. Yule mama mwenye landap aliziona sokoni. Hakusema nasi wiki nzima, na aliporudi alizileta zimefungwa ndani ya shuka, akaomba simu zote ziwekwe kwenye kapu mlangoni. Kapu lile lilibaki pale hadi naondoka.

Machi 2020 Ufilipino ikafunga kila kitu kwa ajili ya korona. Mikutano ikafutwa. Agizo la pili la kamba, tulilokwishalifuma nusu, likafa, na boksi likabaki chini ya meza yangu Iligan, nikawa nalitumia kuwekea miguu. Posho ikakatwa. Mwezi wa pili wa kufungiwa, katika darasa zima walikuwa wakifuma watatu tu: Babo, mwenye landap, na msichana mmoja aliyekuwa jirani yao kwenye makazi ya muda. Msichana mwingine, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, alikuwa amekwenda Kuwait mapema mwaka ule kufanya kazi za nyumbani. Alinitumia salamu. Nikakumbuka wasichana wa kwetu waliopitia Oman, na sikuwa na la kumwambia.

Mwishoni mwa mwaka huo ndipo akaja yule bibi.

Wamaranao ni wafanyabiashara. Utawakuta na vibanda vyao kwenye masoko ya Ufilipino nzima. Familia hii ilikuwa ya hao, inaoza binti. Walikuwa wamekwisha nunua landap dukani, nzuri kwa mbali, na bibi wa bi harusi alipoletewa alifanya kitu kimoja tu: aliigeuza ndani nje. Udarizi wa mashine una mgongo wake, nyuzi zinarukaruka na kufungana nyuma. Langkit ya kufumwa upande wa pili unakaribia kuwa sawa na wa kwanza. Bibi akairudisha nguo kwenye mfuko bila neno, akauliza nani bado anafuma. Akaelekezwa kwa Babo, kilomita chache kutoka kwake, mtu ambaye sisi kwa mwaka mzima tulikuwa tukimtafutia wateja Manila.

Mimi nilikuwepo kwa bahati, nimepanda kupeleka uzi. Uzi mzuri safari hii. Babo akataja bei. Mimi mhasibu niliona aibu, nikaangalia miguu yangu, kwa sababu ilikuwa karibu mara tatu ya ile niliyokuwa nimeiandika kwenye jedwali. Nikangoja bibi acheke au ainuke. Bibi hakugusa bei. Aligombana juu ya rangi ya ardhi ya lakban, wakabishana kama nusu saa, zambarau ya bibi na ya Babo si zambarau moja. Na aligombana juu ya siku. Alitaka miezi miwili, akapewa minne. Alipoondoka nikamuuliza msichana mfasiri mbona hakuomba kupunguziwa. Akanishangaa. "Ni harusi ya mjukuu wake. Watu wataigeuza ile nguo."

Watu wataigeuza. Nilikaa na maneno hayo njia nzima ya kushuka Iligan. Jedwali langu lilikuwa limechukua bei ya sokoni, bei ya mtu asiyejua kugeuza nguo, likaigawa kwa saa, likatoa hukumu kwamba kazi haina thamani. Mnunuzi wa Manila hageuzi. Hana wa kumhukumu akivaa kamba iliyolegea. Kwa hiyo kila tulipomfuata yeye, tulikuwa tunapunguza, na tulipopunguza ndivyo mwenye kujua kugeuza alivyozidi kutukwepa. Yule bibi alikwisha sikia habari zetu, kumbe. Alikuwa akituita watu wa kamba.

Nisitie chumvi. Harusi za kununua landap ya kufumwa si nyingi, na watu waliopoteza nyumba wanaanza na mabati kabla ya hariri. Lakini oda moja ile ilileta mbili, kwa sababu harusini watu waligeuza. Nasi tukapanga upya kwa udogo. Fedha za posho zilizobaki tukazifanya mfuko wa uzi: mfumi anachukua uzi wa kweli kwa mkopo, analipa nguo ikiuzwa, anayefuata anachukua, kama upatu tu. Babo akasema anataka wanafunzi wawili, siyo kumi na wawili. Wawili! Nililazimika kuwaandikia makao makuu kueleza kwa nini walengwa wameshuka namna hiyo, na barua ile niliiandika mara nne. Jibu lao lilikuwa la mstari mmoja, siwezi kusema lilikuwa la furaha.

Ufundishaji wake nao nilikuwa sijauelewa. Mwanzo nilimwona mkali bure. Msichana alianza na mtande peke yake, kutandika nyuzi zikae mvuto mmoja, mwezi na ushei bila kugusa rangi hata moja. Akikosea Babo hamwambii amekosea wapi. Anakaa karibu, anafuma ya kwake, na jioni anapitisha kidole kwenye mkanda wa msichana hadi kidole kinaposimama. Kisha anaenda kupika. Msichana anafumua kuanzia pale. Nilimuuliza msichana kama halimuumizi kufumua kazi ya siku tatu. Akasema siku za kamba alikuwa hafumui, na mkono wake ulikuwa unajua aibu hiyo ingawa yeye alikuwa analipwa.

Lakban yake ya kwanza iliyokubaliwa ilichukua takriban mwaka tangu siku ya mtande. Katikati, ukitazama vizuri, pako rabong moja imeegemea kidogo, kama mti wa pwani uliozoea upepo. Babo aliiona. Kidole chake kilisimama pale, kikafikiri, kikaendelea.

Nimerudi Pemba sasa, mkataba uliisha. Mwaka jana tulikuwa na harusi ya mpwa wangu, na kila nyumba niliyoingia kukopa mikeka nilipewa ya plastiki, mepesi, inapigwa maji na kukauka. Sina ugomvi nayo. Lakini nilikwenda kwa shangazi mmoja upande wa mamangu, ambaye bado miyaa yake inaning'inia darini, nikamwambia nataka mkeka.

"Wa kutandika," akaniuliza, "au wa kupeleka mjini kwa watalii?"

"Kuna tofauti, shangazi?"

Alinitazama kama nimeuliza kama kuna tofauti ya maji na mafuta. Akaingia ndani akatoa mikeka miwili. Mmoja ukili wake mpana, umeshonwa mbio mbio, rangi zimepiga kelele. Mwingine ukili mwembamba kuliko kidole changu cha shahada. Niliugeuza. Nilitafuta ncha za miyaa na maungio nyuma, nikapitisha mkono, hakuna kilichonikwaruza.

"Wa kutandika," nikasema.

Akataja bei. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, ile tabia ya kazi, nikaufunga. Akaniuliza rangi.

"Nyekundu na nyeusi. Ila nyekundu isiyochuja."

"Isiyochuja ipo," akasema, tayari amekaa na kuvuta mwaa wa kwanza. "Nenda kaitafute wewe."